Animatiki: hariri katuni yako kabla hujaichora

Katuni ya dakika 3, kwa fremu (picha moja moja za filamu) 24 kwa sekunde, ina fremu 4,320. Hata mchoro mmoja ukikaa fremu mbili, hiyo ni michoro 2,160. Shoti (kipande kimoja kisichokatwa) ya sekunde 5 ikitupwa mwishoni, michoro 60 imekwenda bure. Ndiyo maana tunahariri mapema, kwa animatiki: picha za storibodi (hadithi iliyochorwa shoti kwa shoti) zilizopangwa kwa muda wake halisi, pamoja na sauti.

Kunja karatasi ya A4 mara tatu upate vyumba 8. Kila shoti chumba kimoja, watu wa vijiti, dakika mbili tu. Usiremberembe, mchoro uliokutoa jasho utauonea huruma hata ukiharibu hadithi. Zikisomeka, zichore upya kwa pikseli 1920 × 1080. Programu ya Blender inatosha, nayo ni bure. Shoti zipe namba 010, 020, 030, ili ukitaka kuchomeka 015 usibadilishe majina ya mafaili yote.

Sauti za muda tu, zitakazobadilishwa baadaye, rekodi kwa simu, chumba chenye mapazia. Usikadirie muda kwa kuhesabu maneno: "nitakapomwambia" ni neno moja kwenye karatasi, mdomoni ni silabi saba. Soma kwa sauti, pima.

Sasa muda wa picha. Tuseme mtoto anaangusha mtungi kutoka kichwani, kimo cha mita 1.2. Kuanguka huchukua takriban nusu sekunde, yaani fremu 12. Uso wake baada ya kishindo upe fremu 36 kwanza. Ukiupa 12, mtazamaji bado anatazama vigae na hofu inampita. Kisha kivuli cha bibi mlangoni.

Kosa linaloumiza zaidi ni kuweka picha moja kwa tendo lenye hatua tatu. Mkono unaoinuka, kushika na kuvuta unahitaji picha tatu, la sivyo mchoraji atagundua baadaye kwamba tendo la sekunde 2 limetengewa sekunde 1. Muziki nao uongeze baadaye, maana huficha sehemu zinazoburuta. Tazama mara moja bila sauti kabisa.

Bandika namba ya shoti na ya fremu pembeni mwa picha, kisha mwonyeshe mtu asiyejua hadithi. Usimweleze chochote. Akimaliza, akusimulie yeye. Pale anapokwama, rudi kwenye shoti hiyo, na usimpe mchoraji kazi mpaka ieleweke.