Kubandika nembo juu ya fremu za video kwa Python bila ukingo mweusi

Hivi karibuni nilimsaidia mwenzangu ambaye nembo yake, nyeupe na safi ilipofunguliwa peke yake, ilionekana kwenye video ikiwa imezungukwa na mstari mwembamba mweusi, kama jicho lililopakwa wanja. Kosa hilohilo liliwahi kunipotezea siku nzima, na ndiyo sababu hatua ya pili hapa chini ni ndefu kuliko nyingine zote.

Ikiwa nembo yako haisogei wala haibadiliki, usiandike programu yoyote, kwa kuwa kichujio cha overlay cha FFmpeg, programu ya kuchakata video kwa amri za maandishi, kinaimaliza kazi hiyo kwa amri moja. Mwongozo huu unamfaa anayehitaji mchoro unaobadilika fremu kwa fremu, kama vile matokeo ya mchezo au kisanduku kinachofuata uso wa mtu.

Hatua ya 1: Kufungua video

Sakinisha OpenCV, maktaba ya kuchakata picha na video, na NumPy, maktaba ya kukokotoa safu za namba, kisha fungua video kwa `cv2.VideoCapture`.

Hatua ya 2: Kuandaa nembo

Soma faili la PNG kwa `cv2.IMREAD_UNCHANGED`. Usipofanya hivyo, chaneli (tabaka la namba za picha) ya nne, yaani alfa, ambayo hueleza kila pikseli inaziba kwa kiasi gani kilicho nyuma yake, itatupwa kimyakimya, na nembo itatokea ikiwa ndani ya kisanduku.

Tatizo la wanja huanzia pale unapobadilisha ukubwa wa nembo. Katika PNG, rangi na alfa huhifadhiwa kila moja kivyake, na mara nyingi pikseli isiyoonekana kabisa huwa na rangi nyeusi, 0, ambayo haimdhuru mtu maadamu alfa yake nayo ni 0. Lakini `cv2.resize` hukokotoa wastani wa kila chaneli bila kuiangalia nyingine. Chukua pikseli nyeupe, yenye rangi 255 na alfa 255, iliyopakana na pikseli isiyoonekana: wastani wake ni rangi 128 na alfa 128, yaani kijivu kinachoziba nusu. Ukiibandika juu ya fremu yenye thamani 200 utapata takriban 164, ilhali ukingo mweupe unaoziba nusu ulipaswa kutoa takriban 228. Tofauti hiyo ndiyo wanja wenyewe.

Dawa yake ni kuzidisha rangi kwa alfa kabla ya kubadilisha ukubwa, si baada yake (`w` na `h` ni upana na kimo unavyotaka nembo iwe navyo):

```python
nembo = cv2.imread("nembo.png", cv2.IMREAD_UNCHANGED).astype(np.float32)
alfa = nembo[:, :, 3:] / 255
rangi = nembo[:, :, :3] * alfa
rangi = cv2.resize(rangi, (w, h), interpolation=cv2.INTER_AREA)
alfa = cv2.resize(alfa, (w, h), interpolation=cv2.INTER_AREA)[:, :, None]
```

Ile `[:, :, None]` ya mwisho si pambo: `cv2.resize` huondoa kipimo cha tatu cha safu yenye chaneli moja, na usipokirudisha, NumPy itakataa kuzidisha katika hatua inayofuata. Aidha, usiiache hesabu hii ifanyike katika `uint8`, yaani namba kamili za 0 hadi 255 pekee, kwa sababu huko 355 haisimami kwenye 255 bali huzunguka na kuwa 99, na vidoa vyeusi hutapakaa mahali palipopaswa kung'aa. Mistari yote hii ikae nje ya kitanzi kinachosoma fremu, maadamu mchoro wenyewe haubadiliki kati ya fremu moja na nyingine, hata kama unasogea.

Kwa upande wa maandishi, `cv2.putText` siipendi hata kidogo, kwa kuwa fonti zake ni mistari mitupu na kingo zake hazina uwazi wa kweli. Andika maneno kwa Pillow, maktaba nyingine ya picha ya Python, kwenye picha yenye alfa, kisha uipitishe katika hatua hii kama nembo, ukikumbuka kwamba Pillow hupanga rangi kuanzia nyekundu na OpenCV kuanzia buluu.

Hatua ya 3: Kubandika

Ndani ya kitanzi, `x` na `y` zikiwa nafasi ya kona ya juu kushoto ya nembo kwenye fremu:

```python
eneo = fremu[y:y+h, x:x+w]
eneo[:] = np.rint(rangi + (1 - alfa) * eneo).clip(0, 255)
```

Ukiandika `eneo =` badala ya `eneo[:] =`, hakuna kosa litakaloripotiwa na hakuna nembo itakayoonekana, kwa sababu utakuwa umelihamishia jina kwenye safu mpya na kuiacha fremu ilivyokuwa.

Hatua ya 4: Kuandika faili jipya

`fremu.shape` hutaja kimo kwanza, ilhali `cv2.VideoWriter` hutaka upana kwanza, na ukivigeuza mara nyingi utapata faili lisilochezeka bila onyo lolote. Kasi ya fremu isome kwenye video ya awali, usiikisie: video ya fremu 29.97 kwa sekunde ikiandikwa kama 30, sauti na picha hupishana kwa takriban sekunde 3.6 kila saa.

Hatua ya 5: Kurudisha sauti

OpenCV haikuandika sauti yoyote, kwa hiyo ichukue kwenye video ya awali:

```
ffmpeg -i mpya.mp4 -i awali.mp4 -map 0:v -map 1:a? -c copy tayari.mp4
```

Alama ya kuuliza huiruhusu amri iendelee hata kama video ya awali haikuwa na sauti.