Kulizoea Trekta Dogo Jipya Kwenye Ardhi ya Mteremko

Nimeandika mwongozo huu baada ya kukaa siku mbili na jirani aliyenunua trekta lake la kwanza, lenye kijiko cha kupakilia mbele, ilhali shamba lake lote limelala ubavuni mwa kilima.

Hatua ya 1: Simamisha fremu ya kinga iliyo nyuma ya kiti, tia pini zake, kisha funga mkanda. Fremu ikiwa imelazwa, mkanda humfunga dereva chini ya trekta linapopinduka.

Hatua ya 2: Kaza nati za magurudumu kwa nguvu iliyotajwa kwenye kitabu cha trekta, na urudie baada ya saa chache za kazi, kwani kwenye mashine mpya hulegea.

Hatua ya 3: Ongeza uzito nyuma. Wengine hujaza maji kwenye matairi. Mimi hupendelea sanduku la zege linalofungwa mahali pa kufungia zana, kwa sababu huondolewa kazi ikiisha.

Hatua ya 4: Jifunze kushuka kabla ya kufanya kazi yoyote. Mwaka wangu wa kwanza nilishuka na kijiko kilichojaa kokoto, nikiwa nimezima mvuto wa magurudumu ya mbele ili matairi yake yasilike upesi. Nilipokanyaga breki, matairi ya nyuma yaliacha kuzunguka, lakini trekta likaendelea kuserereka juu ya nyasi mpaka nilipoteremsha kijiko kikakwama ardhini. Nilipoteza saa 4 nikifungua breki ambazo hazikuwa na kasoro yoyote.

Kasoro ilikuwa kwangu. Matrekta madogo mengi yana breki kwenye ekseli ya nyuma tu, na mzigo wa mbele, ukisaidiwa na mteremko, huinyanyua ekseli hiyo hadi matairi yake yakakosa uzito wa kung'ang'ania ardhi. Ukiwasha mvuto wa magurudumu yote manne, ya mbele huunganishwa na gia zilezile, hivyo nayo huzuiwa. Washa mvuto huo, uchague gia nzito na kuunganisha pedali mbili za breki kwa komeo lake ukiwa bado tambarare. Ukishaanza kushuka, usikanyage klachi wala kubadilisha gia, kwa maana trekta lililo huru hukimbia. Kama lako huendeshwa kwa pedali ya haidroliki, inua mguu polepole na litapungua mwendo lenyewe. Kijiko kikae chini, karibu na ardhi, na kikiwa na mzigo shuka kinyumenyume, ili upande mzito ubaki juu ya mteremko. Shingo itauma, lakini naona ni afadhali.

Hatua ya 5: Epuka kukatiza mteremko kwa ubavu. Ikibidi, tembea kwanza kwa miguu: shimo upande wa chini au jiwe upande wa juu huongeza mwinamo ghafla, na nyasi ndefu huficha vyote viwili. Jirani yangu alipigilia kijiti chenye kitambaa chekundu kwenye kila shimo, akapata 11 katika kipande alichodhani ni laini. Gurudumu la juu likianza kunyanyuka, geuza usukani upande wa chini papo hapo, hata kama mkono unataka kuuvuta juu. Zoea hili ukiwa na kijiko kitupu.