Kupima oksijeni ya angani ukiwa Dar: data za Van Allen Probes

Setilaiti mbili za Van Allen Probes, za kuchunguza mikanda ya mionzi inayoizunguka Dunia, zilirushwa Agosti 2012 na kuzimwa 2019, lakini data zake bado zinapatikana bure kwenye CDAWeb, hifadhi ya data ya NASA mtandaoni. Kinachotufaa hapa ni kifaa cha HOPE, kinachohesabu ioni (atomi zenye chaji) za haidrojeni, yaani protoni, za heli na za oksijeni, hadi nishati ya takriban keV 50 (keV 1 ni elektrovolti, eV, 1000). Oksijeni hiyo inapanda kutoka ionosfia yetu wenyewe, tabaka la juu la angahewa lenye chaji, na dhoruba ya sumaku (msukosuko unaoletwa na Jua) ikipiga huongezeka sana.

Anza na 17 Machi 2015, siku ya dhoruba kubwa. Chukua faili la HOPE la siku hiyo moja, la muundo wa CDF, ngazi ya 3 ya uchakataji (Level 3). Mwezi mzima utamaliza bando kabla hujachora chochote. Lifungue kwa Python ukitumia maktaba ya cdflib, usome FPDO (mtiririko wa protoni), FODO (wa oksijeni), HOPE_ENERGY_Ion (nishati), L_Ion (L, yaani umbali wa mstari wa sumaku kutoka kitovu cha Dunia, ukipimwa kwenye ikweta kwa nusu-vipenyo vya Dunia) na Epoch_Ion (muda). Saa za faili ni UTC: dhoruba iligonga 04:45, yaani saa 1:45 asubuhi kwa Dar.

Thamani ya −1e31 maana yake hakuna kipimo. Igeuze NaN (alama ya Python ya "si namba") kwanza, la sivyo jumla zote zitaharibika. Nishati ziko kwa eV ilhali mtiririko ni kwa kila keV, kwa hiyo gawanya nishati kwa 1000. Ukisahau, msongamano utakosewa vibaya sana na grafu bado itapendeza machoni. Soma nishati za kila mstari wa muda, maana setilaiti ikishuka karibu na Dunia ngazi za nishati hubadilika.

Msongamano ni 4π mara jumla ya (mtiririko × ΔE ÷ kasi), ambapo ΔE ni upana wa kila ngazi ya nishati. Wengi wanakosea hapa kwenye kasi. Protoni ya keV 1 inakwenda km 438 kwa sekunde. Oksijeni ya nishati hiyohiyo, yenye uzito mara 16, inakwenda robo ya hapo, kama km 109. Kwa mtiririko uleule, basi, oksijeni ni nyingi mara nne. Ukitumia kasi ya protoni kwa zote, oksijeni itaonekana robo tu ya ilivyo. Kasi iandike kwa sentimita kwa sekunde: 4.38 × 10⁷ × √E kwa protoni, E ikiwa nishati kwa keV, na robo yake kwa oksijeni.

Anzia eV 30. Chini ya hapo chaji ya setilaiti yenyewe hupotosha ioni baridi. Na baki L 3 kwenda juu: ndani zaidi, chembe kali za mkanda wa mionzi hupenya kifaa na kuhesabiwa kama ioni.

Sasa chora uwiano wa msongamano wa oksijeni kwa ule wa protoni, wa siku hiyo na wa siku tulivu ya wiki iliyotangulia, kwenye L ileile.