Namna ya Kuyatazama Mabasi ya Miji Midogo na ya Kati ya Polandi

Mpenzi wa mabasi anayefika Polandi kwa mara ya kwanza hushawishika kubaki Warsaw, kwa kuwa mabasi ya huko ni mengi na hupita kila baada ya dakika chache. Mimi nashauri kinyume chake. Ukishaupa mji mkuu siku moja, panda treni uelekee Tychy, Jaworzno, Lublin, Gdynia au Sanok, na baada ya hapo ushuke katika miji midogo zaidi ambayo jina lake hulijui. Warsaw hununua mabasi kwa makundi makubwa, hivyo mengi yanafanana; katika miji midogo kila halmashauri au kampuni hununua kwa mfuko wake na kwa wakati wake, na si ajabu kuona basi jipya la umeme limesimama mbele ya basi kuukuu ambalo lilikwisha kufanya kazi miaka mingi Ujerumani kabla ya kuuzwa upande huu wa mpaka.

Kabla ya kuchagua mji, chagua tarehe. Hili ndilo jambo ambalo wageni wengi hulipuuza, na ndilo linaloamua utaona nini. Nje ya miji mikubwa, abiria wa kutegemewa ni wanafunzi wenye tiketi za mwezi, kwa hiyo kalenda ya shule ndiyo inayoendesha mabasi. Mwaka wa shule huanza mwanzoni mwa Septemba na kumalizika mwishoni mwa Juni. Katikati kuna likizo ya baridi ya wiki mbili, ambayo huangukia kati ya katikati ya Januari na mwisho wa Februari, na mikoa huipokea kwa zamu badala ya kwa pamoja. Shule zikifungwa, safari nyingi za vijijini hufutwa, na mabasi ya akiba, ambayo aghalabu ndiyo ya zamani na yenye kuvutia zaidi, hubaki yamefungiwa yadini. Nenda basi siku ya Jumanne, Jumatano au Alhamisi ya muhula, ufike kituoni kabla ya saa moja asubuhi, na urudi tena mchana wanafunzi wanapotoka madarasani. Jumapili katika wilaya nyingi hakuna chochote cha kutazama isipokuwa kituo kitupu.

Ratiba iliyobandikwa kwenye nguzo ya kituo isomwe kwa makini, kwa maana pembeni ya saa huwekwa herufi ndogo ambazo zinaweza kukuacha njiani. Kwa kawaida D huonyesha kwamba basi hutembea Jumatatu hadi Ijumaa isipokuwa sikukuu, S kwamba hutembea siku za shule peke yake, C kwamba hutembea Jumamosi, Jumapili na sikukuu, nazo tarakimu 6 na 7 husimama kwa Jumamosi na Jumapili. Maelezo ya herufi hizo huandikwa chini ya karatasi, na ni vyema kuyasoma kila mara kwa kuwa kampuni moja yaweza kuongeza herufi zake. Ukiona «NŻ» au maneno «na żądanie» karibu na jina la kituo, fahamu kwamba dereva hatasimama mpaka umpungie mkono, au mpaka ubonyeze kitufe ukiwa ndani.

Utakutana na mabasi ya namna tatu, na ni muhimu kutoyachanganya kwa sababu hayatumii tiketi wala vituo vilevile. Ya kwanza ni ya mji wenyewe, ambayo mara nyingi huendeshwa na kampuni zenye vifupisho kama MZK, MPK au PKM. Ya pili ni ya PKS, jina lililobaki kutoka shirika la taifa lililokuwa likifikia takriban kila kijiji enzi za ukomunisti, kisha likavunjwavunjwa kuwa kampuni nyingi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Baadhi zilibinafsishwa, baadhi zikachukuliwa na serikali za wilaya, na nyingine zikafilisika. Njia nyingi za vijijini zilikufa kwa namna hiyo, hata serikali ikaanzisha mwaka 2019 mfuko wa kuzisaidia halmashauri kuzifufua. Ya tatu ni mabasi madogo ya watu binafsi, ambayo mengi ni Mercedes-Benz Sprinter, yenye kibao cha mwisho wa safari kwenye kioo cha mbele kama daladala, ila dereva hupokea nauli mwenyewe bila kondakta na huondoka kwa saa iliyoandikwa hata kama viti ni vitupu.

Tukija kwenye kuyatambua mabasi yenyewe, anza na Solaris. Kiwanda chake kiko Bolechowo, karibu na Poznań, ambako Krzysztof Olszewski na mkewe Solange walianza uzalishaji mwaka 1996 kwa jina la Neoplan Polska. Basi lao la Urbino lilitoka mwaka 1999, jina la Solaris likafuata mwaka 2001, na mwaka 2018 kampuni ya CAF ya Hispania ikakinunua. Namba iliyo kwenye jina ni urefu kwa mita: Urbino 12 ni basi la kawaida, na Urbino 18 ni lile refu lenye kiungio katikati. Vizazi vya zamani vya Urbino hutambulika kwa mbali, kwani ukingo wa chini wa kioo cha mbele haukunyooka bali huteremka kuelekea upande wa mlango, na kwenye bodi huenda ukaona picha ya mbwa wa kijani mwenye mwili mrefu na miguu mifupi, nembo ya mzaha ambayo mimi naiona kuwa mojawapo ya matangazo bora katika biashara hii. Wanaotaka mabasi ya umeme waende Jaworzno, mji wa mkoa wa Silesia ulioyakumbatia mapema kuliko miji mingi iliyo mikubwa kuliko wenyewe.

Sanok, kusini mashariki karibu na milima ya Bieszczady, ni nyumbani kwa Autosan, ambayo chimbuko la kiwanda chake ni mwaka 1832. Basi lake la H9, lililotengenezwa tangu miaka ya 1970 hadi miaka ya 2000, ndilo lililobeba vizazi vya wanafunzi wa vijijini: jembamba, lenye sakafu ya juu na ngazi, injini ikiwa nyuma, na ngurumo ambayo ukishaizoea utaitambua hata umefumba macho. Yamebaki machache barabarani, hivyo ukiliona likifanya safari ya shule usiliache likupite, lipande. Mabasi ya Jelcz, yaliyotoka kiwanda cha Jelcz karibu na Oława, sasa ni adimu zaidi katika kazi za kila siku. Lile la mviringo lililojengwa kwa leseni ya Škoda ya Chekoslovakia, ambalo Wapolandi hulipa jina la utani «ogórek», yaani tango, pamoja na Ikarus 280 za Hungaria zilizoagwa Warsaw mwaka 2013, huonekana siku za maonyesho. Wakati mzuri wa kuyapata ni Usiku wa Makumbusho mwezi Mei, ambapo vilabu vya wapenzi wa mabasi mjini Warsaw hutoa mabasi ya kale yakabeba watu.

Mabasi yaliyotumika Ujerumani yana dalili zake. Namba za usajili hazitakusaidia, maana ni mpya za Kipolandi, lakini ndani utakuta maandishi ya Kijerumani ambayo hakuna aliyejishughulisha kuyabandua, kama «Wagen hält», yaani gari linasimama, yanayowaka abiria anapobonyeza kitufe. Namba hizo za usajili zina faida nyingine: herufi ya kwanza ni ya mkoa na zinazofuata ni za mji au wilaya, hivyo ST ni Tychy, SJ ni Jaworzno, GA ni Gdynia, LU ni Lublin na RSA ni Sanok. Andika pia namba ya kampuni iliyochorwa mbele na nyuma ya basi, kwa kuwa hiyo ndiyo wapenzi wa huko huitumia wanapozungumzia basi fulani.

Miji mitatu tu ndiyo yenye mabasi ya nyaya za umeme: Gdynia tangu 1943, Lublin tangu 1953 na Tychy tangu 1982. Ukiwa na nafasi ya kwenda mmoja tu, nenda Gdynia. Karakana yake ilikuwa ikichukua mabasi ya dizeli ya Mercedes-Benz yaliyokwisha kutumika na kuyageuza kuwa ya umeme kwa kuyafungia mota na fito za juu ya paa, na siku hizi magari mapya yana betri, hivyo hushusha fito na kuendelea na safari mahali pasipo na nyaya. Simama kituoni ambapo nyaya zinakomea ulitazame tendo hilo.

Kuhusu tiketi, nunua kwenye mashine, kibanda cha magazeti, kwa dereva au kwa programu ya simu kama Jakdojade, kisha, kama ni ya karatasi, uigonge muhuri kwenye kijisanduku kilicho ndani mara tu unapopanda. Tiketi isiyogongwa mbele ya mkaguzi ni sawa na kutokuwa nayo. Miji ya Żory na Lubin (usiichanganye na Lublin) iliondoa nauli mwaka 2014, kwa hiyo huko unaweza kuzunguka mchana kutwa bila senti. Kaa viti vya nyuma ukitaka kusikia injini, au mbele upande wa kulia ukitaka kuona njia.

Kupiga picha za mabasi barabarani kunaruhusiwa, ila heshimu alama za kukataza picha, ambazo huwekwa kwenye baadhi ya majengo na madaraja, na usiingie yadi ya mabasi bila ruhusa. Dereva anayepumzika mwisho wa njia muulize: «Czy mogę zrobić zdjęcie autobusu?», yaani naweza kulipiga basi picha? Aliyezoea mwanga wa Afrika Mashariki akumbuke kwamba jua la huko halifiki utosini, na mchana liko upande wa kusini, kwa hiyo simama upande wa kusini wa barabara ili bodi ya basi iangazwe. Mwezi Desemba mwanga hudumu takriban saa nane tu, na mabasi ya asubuhi ya shule hutembea gizani. Mei na Septemba ni miezi bora, kwani kuna mwanga wa kutosha na shule ziko wazi.

Tarehe 1 Novemba ndiyo sikukuu ya kuvunja kanuni ya Jumapili niliyoitaja. Siku hiyo Wapolandi huzuru makaburi ya jamaa zao, na miji huongeza mabasi mengi ya kwenda makaburini. Mjini Warsaw njia hizo hupewa namba zinazoanza na C. Usiwaelekezee kamera waombolezaji, na kabla ya kuingia njia ya kijijini siku kama hiyo, ipige picha ratiba ya kurudi.