Mpunga Usangu: jaruba si lazima lijae maji msimu mzima

Mkulima wa Usangu, mkoani Mbeya, maji unayoyachepusha kutoka mto Mbarali au Kimani yana wenyewe wengine huko chini. Yakiachwa mtoni huingia ardhioevu ya Ihefu, hupita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kisha hufika kwenye mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu. Tangu miaka ya 1990 mto huo, Ruaha Mkuu, hukatika kiangazi ndani ya hifadhi. Siku hizi mvua nazo hazitabiriki, na wa kwanza kuumia ni jirani yako wa mwisho wa mfereji. Anapandikiza wakati mpunga wa wenzake umeshafika magotini, anavuna kwa kuchelewa na kuuza soko likiwa limejaa.

Wengi tumezoea kuacha maji yasimame jarubani, yaani kwenye kitalu cha shamba kilichozungushiwa tuta, tangu kupandikiza hadi karibu na kuvuna. Mpunga hauhitaji hivyo. Chukua kipande cha bomba la plastiki chenye urefu wa sentimita 30 na upana unaotosha kuchungulia ndani, utoboe matundu nusu ya chini, kisha ukifukie sentimita 15. Toa udongo ulioingia ndani. Wiki mbili baada ya kupandikiza, acha maji yashuke. Chungulia bombani: yakifika sentimita 15 chini ya uso wa udongo, fungulia tena hadi yasimame sentimita 5. Usihofu ukiona udongo umeanza kupasuka juu, mizizi bado ina maji. Ila wiki moja kabla ya kuchanua hadi wiki moja baada yake, maji yasimame jarubani muda wote. Ukifuata hivi, unaweza kuokoa hadi asilimia 30 ya maji bila mavuno kushuka.

Kazi itakayoongezeka ni palizi, maana maji yaliyosimama huzuia magugu. Panda kwa mistari ili mashine ya palizi ya kusukuma kwa mkono ipite, na sawazisha jaruba vizuri kabla ya kupandikiza. Jaruba lenye mabonde na vilima litakuwa na mpunga unaokauka huku na unaozama kule.

Lakini maji uliyookoa yakienda kufungua shamba jipya hapo hapo juu, wa chini hapati hata tone, na mto utaendelea kukatika. Hili halitatuliwi na mkulima mmoja. Kaeni kwenye jumuiya yenu ya watumia maji, inayotambuliwa na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, mpange zamu kwa siku na saa, na mkubaliane kwamba kinachookolewa kinashuka kwa walio chini. Angalieni pia kibali chenu cha Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji kinaruhusu kiasi gani, na kwa miezi ipi.

Baada ya mavuno, fungeni banio, yaani lango linaloingiza maji ya mto mferejini. Acheni yanayotosha matumizi ya nyumbani na mifugo tu. Mabanio mengi hubaki wazi kiangazi kizima, maji yakimwagika kwenye mabua yaliyokwisha kuvunwa, na ndiyo miezi ambayo mto unayahitaji zaidi. Mteueni mtu wa kushika ufunguo, naye alipwe kutoka kwenye ada ya jumuiya.