Umepata piano kuukuu ya Ulaya? Shika pini kabla hujashika pesa

Kila baada ya miezi michache napigiwa simu na mtu hapa Kisumu amepewa ama ameuziwa piano ya zamani, labda imetoka nyumba ya shamba huko Njoro ama Molo upande wa Nakuru, labda ilikuwa imefunikwa shuka kwa stoo ya kanisa, na swali huwa ni lile lile: fundi, kuituni ni pesa ngapi? Mimi namjibu na swali, umeshika pini zake, zile za chuma zinazokaza nyuzi? Ananyamaza kidogo alafu anaanza kunieleza vile inang'aa. Sasa mimi nilianza kama seremala wa viti na makabati upande wa Kibuye kabla niingie mambo ya piano, na nakuambia vanishi haijawahi kutoa sauti. Ukisoma hii mpaka mwisho utajua kukagua piano ya Ulaya mwenyewe, kujua kama ni mali ama ni kuni, na vile utaituni bila kuiharibu.

Kwanza elewa ilijengwa vipi, manake bila hapo utakuwa unabahatisha. Wale mafundi wa Ujerumani na Austria, hao kina Bösendorfer walioanza Vienna 1828, Bechstein wa Berlin na Blüthner wa Leipzig walioanza mwaka mmoja, 1853, kazi yao kubwa ilikuwa mbao kuliko muziki. Kuna mti unaitwa sprusi, unakua milimani kwa baridi, unakua polepole sana kwa hivo pete zake ziko karibu karibu. Wanaupasua hivi kwamba hizo pete zinasimama wima ndani ya ubao, wanauacha ukauke miaka, alafu wanaunganisha vipande mpaka wanapata ubao mmoja mkubwa wa milimita kama 8 au 9 hivi. Huo ndio ubao wa sauti, uko nyuma ya nyuzi, na ndio unaoimba, nyuzi peke yake ni kelele ya mbu.

Hapa ndio kuna ujanja wenyewe. Fundi anauweka ubao kwa chumba cha joto mpaka unanywea, alafu wakati bado umenywea anaugundisha mbavu za mbao kwa mgongo, zikikatiza nyuzinyuzi za ule ubao. Ukitolewa nje unavuta unyevu kidogo, unataka kupanuka, mbavu zinakataa, basi hauna njia isipokuwa kufura tumbo kuelekea nyuzi. Hilo tumbo ni milimita chache tu lakini ndilo linalosukuma daraja, kile kibao kinachobeba nyuzi, lishikane nazo. Kama umewahi kuangalia nyatiti vizuri utanielewa haraka, nyuzi 8, daraja limekalia ngozi, ngozi ikilegea hata upige namna gani inatoa sauti ya debe. Piano ni hivo hivo, ngozi yake tu ndio ni mbao.

Sasa nyuzi. Kwa piano ya kii 88 ni kama 220 hivi, noti za juu zina nyuzi tatu tatu, zikishuka zinakuwa mbili, na besi za mwisho kabisa ni uzi mmoja mnene wa chuma uliozungushiwa shaba. Kila uzi unavuta kilo kama 70 mpaka 90, ukijumlisha unapata karibu tani 18 zinavuta ndani ya hio sanduku usiku na mchana. Ndio maana kuna fremu ya chuma. Lakini skia, fremu inabeba uzito, haishiki tuni. Tuni inashikwa na pini, na pini imechomekwa kwa shimo la ubao mgumu wa tabaka tabaka, kwa kawaida mti wa biichi, na hakuna nati wala skrubu ya kuikaza, ni msuguano tu wa chuma na mbao. Huo ubao ukikauka sana mashimo yanapanuka, pini inazunguka kama funguo kwa kufuli bovu, na hapo hata umlete fundi kutoka Leipzig mwenyewe atatuni asubuhi na ikifika jioni imeshuka.

Kwa hivo unakagua hivi. Fungua kifuniko cha juu, toa paneli ya mbele, mara nyingi imeshikwa na vibao viwili vya kuzungusha. Chukua spana ya kutuni, hio ya ukweli, usije na spana ya magari manake kichwa cha pini ni mraba unaopungua kuelekea nchani na utakiparuza chote. Vaa kwa pini ya katikati, vuta kidoogo tu kama unataka kushusha sauti. Pini nzuri inakataa, unaiskia mkononi kama kizibo kimekaza, ukiachilia inabaki pale ulipoiacha. Pini mbaya inateleza laini. Jaribu ishirini hivi, besi, katikati na juu. Mbili tatu zikilegea si shida, unaweza kuzigonga ziingie ndani kidogo ama uweke pini nene zaidi. Zikilegea nusu yake, kuna mafundi wanailaza piano chali wanadondosha supa gluu ile nyepesi kama maji kuzunguka kila pini, na inafanya kazi kuliko nilivyodhani, ila kwangu hio ni dawa ya mwisho na unafungua madirisha yote.

Angalia pia fremu ya chuma imefika wapi. Kwa zingine za zamani inaishia chini ya pini na ubao wa pini uko wazi juu, hizo mimi huogopa. Angalia nyuzi za besi kama zinapita juu ya zile zingine zikikatana kama msalaba, hio ni dalili nzuri, kama zote zimesimama wima sambamba basi ni muundo wa zamani zaidi na besi yake itakuwa hafifu. Na ukifungua ukaona mbele ya vinyundo, vile vinavyogonga nyuzi, kuna waya nyingi zimesimama kama kizimba cha kuku, hizo ni zile vizima sauti vyake viko juu ya vinyundo badala ya chini, Uingereza walitengeneza nyingi sana. Hazizimi sauti vizuri na kuzituni ni taabu tupu. Ukipewa bure chukua, ukiuziwa, mwambie muuzaji asante na umuulize njia ya kwenda steji.

Enda nyuma. Chukua uzi wa kushonea, ushike kwa ncha zote mbili uvutike kufuata ubavu mrefu wa ubao wa sauti. Kukiwa na mwanya kidogo katikati, tumbo bado lipo. Uzi ukilala bapa ubao umechoka, sauti itakuwa fupi, inakufa kabla kwaya haijavuta pumzi. Ufa kwa ubao si mwisho wa dunia, watu wanatishwa sana na nyufa, kinacholeta kelele ya kutetemeka ni ubavu uliobanduka. Gundi ya zamani ilikuwa ya ngozi za wanyama, inalegea na joto la mvuke, kwa hivo usijaze gundi nyeupe ya dukani juu yake kabla hujatoa ile ya zamani, hazishikani.

Vinyundo: felti ya sufu. Ukiona mifereji mirefu nyuzi zimechimba, unapiga msasa laini taratibu kufuata umbo la nyundo, usiifanye bapa. Nondo wakiwa wamekula, utaona vumbi na mashimo.

Kii zenyewe, hapa kuna kitu lazima niseme. Kama ile ngozi nyeupe ya juu ina kiungo chembamba katikati, kipande cha mbele kipana na cha nyuma chembamba, na ukiangalia kwa mwanga unaona mistari midogo kama ya kucha, hio inaweza kuwa pembe ya ndovu. Nyingi zilitoka huku kwetu, zikapitia Zanzibar, zikaenda Ulaya na Marekani, kule Connecticut kuna mji mpaka leo unaitwa Ivoryton kwa sababu ya hio biashara, alafu zingine zikarudi Mombasa ndani ya piano zikapanda reli, ile iliyofika ziwa hapa 1901. Ndovu wetu amerudi nyumbani akiwa kii. Lakini usizitoe ukaziuze moja moja! Kenya ilichoma tani 12 za pembe Julai 1989 na sheria haichezi, kabla hujanunua ama kuuza piano ya hivo uliza watu wa wanyamapori kwanza.

Haya, umepita hapo, umebeba piano. Ni kama kilo 200 na kitu, watu wanne na kanta, usiniulize kuhusu Probox. Imefika Kisumu. Usituni! Iache wiki tatu. Nakuru Januari na Februari hewa ni kavu, huku kwetu ziwa linapumua, ile mbao yote inaanza kuvuta unyevu, tumbo linafura zaidi na kusukuma nyuzi juu, sauti inapanda yenyewe. Ukituni siku ya kwanza umetuni piano ya Nakuru.

Mimi najua hii kwa uchungu. Kuna kanisa fulani lilinipa piano iliyoshuka karibu nusu toni nzima na harusi ilikuwa Jumamosi, mimi kwa tamaa nikaivuta yote Ijumaa mchana, nikaskia paa! uzi umekatika, baada ya nusu saa paa! mwingine, na Jumamosi noti za katikati nilizoanza nazo zilikuwa zimeshuka zote, manake unapokaza hizi mia mbili fremu na ubao vinaitikia na kulegeza zile ulizoshamaliza. Mpiga kinanda alihamia kibodi ya umeme katikati ya wimbo. Nilirudisha deposi.

Kwa hivo unaenda kwa awamu. Kama nyuzi zina kutu, kwanza shusha kila moja kidogo sana ili ile kutu iachane na chuma, ndio upandishe. Awamu ya kwanza ni ya haraka, usitafute uzuri, pitisha sauti juu kidogo ya unapotaka manake itashuka. Ngoja wiki moja ama mbili. Rudia. Awamu ya tatu ndio unatuni kwa ukweli.

Kutuni kwenyewe: mpini wa spana uangalie juu, usiupinde kuelekea kwako, unazungusha pini, hukunji pini. Kukaza ni upande wa mshale wa saa. Noti ya la juu ya do ya katikati iwe hezi 440. Ziba nyuzi mbili kwa kabari za raba ubaki na mmoja. Vuta upite kidogo alafu urudi chini kidogo huku unapiga kii kwa nguvu ili uzi utulie, ukiiacha bila kupiga kwa nguvu, mpiga piano atakutulizia yeye kwa ibada.

Apu ya gitaa kwa simu itakudanganya, na wengi wanakwama hapa. Uzi wa piano ni chuma kigumu na sauti zake ndogo za juu hupanda kuliko hesabu inavyosema, kwa hivo okteva, yaani noti moja mpaka jina lake lirudi tena, lazima zivutwe kidogo, za juu ziwe juu zaidi na besi ziwe chini zaidi. Tumia apu ya piano kwa okteva ya katikati, kwingine tumia sikio. Piga noti mbili pamoja uskie mawimbi, ile wau-wau-wau. Fa ya chini ya do ya katikati na la inayoifuata zinapaswa kupiga mawimbi kama 7 kwa sekunde. Ukizipata kimya kabisa, tamu kabisa, umekosea, manake kodi zingine, yaani noti kadhaa zikipigwa pamoja, zitakuja kulia vibaya. Okteva na zile nyuzi tatu za noti moja ndizo zinatakiwa zitulie kimya. Sikio litakataa wiki ya kwanza, ni kawaida.

Alafu mahali pa kuiweka. Ukuta wa ndani, si ule unaopigwa na mvua, si chini ya dirisha la upande wa ziwa. Zamani watu waliweka balbu ndogo ya joto ndani kukausha hewa, siku hizi naona mtu ameweka ya LED, hio haitoi joto bana, umewashia tu panya taa. Kii zikikwama msimu wa mvua ni mbao imefura, usipulizie WD-40 wala mafuta ya cherehani, yanaingia kwa felti na hayatoki tena, toa kii, bana kidogo felti ya tundu lake na koleo lenye mdomo bapa, rudisha.

Magurudumu yake yakalie visahani vya chuma na kila mwezi angalia nyuma kama kuna njia ya udongo ya mchwa inapanda. Na lile tundu la pedali chini, ziba kwa wavu wa kuku wenye matundu madogo, panya wakiingia hapo wanatandika kitanda na felti ya vinyundo vyako.