Msimbo sahihi wa kidonda cha uzazi kilichopata maambukizi: hatua kwa hatua

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia ofisa kumbukumbu mpya wa hospitali moja ya wilaya mkoani Mtwara, aliyekuta mafaili mengi ya wazazi waliorudi na vidonda vyenye usaha yakiwa yamepewa msimbo T81.4, wa maambukizi ya upasuaji kwa jumla, badala ya O86.0, wa kidonda cha uzazi. Unahusu ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani, yaani kitabu cha misimbo ya magonjwa, ambayo ndiyo tunayoitumia kwenye fomu za madai ya bima.

Hatua ya 1: Weka pamoja faili la sasa na kumbukumbu za kujifungua.

Hatua ya 2: Tambua asili ya kidonda kabla ya kufungua kitabu

Hatua hii ndiyo inayokula muda, nami nasisitiza isirukwe hata foleni ikiwa ndefu. Mama wa Newala au Tandahimba huweza kufanyiwa upasuaji katika hospitali iliyo mbali na kwao, na kidonda kikianza kutoa usaha akaenda kwanza kwenye zahanati ya kijijini. Huko huandikiwa "kidonda cha tumbo kina usaha", na maneno hayo, yasiyotaja uzazi hata kidogo, ndiyo yanayofika mezani kwako. Ukiyafuata yalivyo utaangukia kwenye sura ya magonjwa ya ngozi, au kwenye T81.4, yaani maambukizi yanayofuata upasuaji au tiba ambayo hayakuainishwa kwingine. Maambukizi ya kidonda cha upasuaji wa uzazi hayakai T81.4, kwa kuwa yana msimbo wake, O86.0. T81.4 hubaki kwa mshono kama wa ngiri. Kinachoamua sura ni chanzo cha kidonda. Mwonekano wake hauamui.

O86.0 haihusu tumbo peke yake. Mama aliyeongezewa njia au aliyechanika msamba akashonwa, kisha mshono ukapata maambukizi, naye anaingia humo. Wengi humwacha nje kwa sababu hakupelekwa chumba cha upasuaji, na hilo linaniuma, kwa kuwa mama huyo hupotea kabisa kwenye hesabu za matatizo ya uzazi.

Angalia pia tarehe. Kipindi cha baada ya kujifungua huhesabiwa siku 42. Ikiwa usaha ulianza ndani ya siku hizo lakini mama akachelewa kufika, pengine kwa sababu mvua ziliharibu barabara, usiutupe msimbo wa uzazi kwa kutazama tarehe ya kulazwa tu. Mrudie daktari, aandike kwa mkono wake kwamba kidonda kinatokana na kujifungua na kilianza lini. Usimwandikie wewe, hata kama jibu unalijua.

Hatua ya 3: Tenganisha misimbo jirani

Mshono wa upasuaji ulioachia ni O90.0, wa msamba ulioachia ni O90.1, na damu iliyovilia kwenye kidonda cha uzazi ni O90.2. Maambukizi yakiwa ndani ya mfuko wa uzazi, au yakiwa yamesambaa kwenye damu, tazama O85. Mama mmoja anaweza kuwa na mawili kwa pamoja; yaandike yote, na utangulize lile lililohitaji matibabu zaidi katika kulazwa huko.

Hatua ya 4: Anza na juzuu la 3 (faharasa), thibitisha kwenye juzuu la 1 (orodha ya misimbo)

Maelezo ya kutenga, yanayosema nini hakiingii kwenye msimbo, yamo kwenye juzuu la 1, ndiyo maana siamini faharasa peke yake. Programu za simu sizipendekezi kabisa. Nyingi hutoa misimbo ya Marekani, ambako tangu Oktoba 2018 O86.0 imegawanywa kuwa O86.00, O86.01 na kuendelea. Katika orodha ya Shirika la Afya Duniani msimbo huu unaishia O86.0, na tarakimu ya ziada haina mahali.

Hatua ya 5: Andika herufi O mwanzoni, si sufuri. "086.0" si msimbo.

Hatua ya 6: Ongeza msimbo wa kimelea kilicholeta maambukizi ikiwa tu majibu ya maabara yako kwenye faili

Kwa Staphylococcus aureus ni B95.6, na hukaa nyuma ya O86.0, kamwe si mbele yake. Dawa aliyoandikiwa mama si ushahidi wa kimelea.

Hatua ya 7: Rudia mafaili ya nyuma

Chuja kwenye mfumo wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 waliopewa T81.4, kisha linganisha majina na daftari la wodi ya wazazi na la chumba cha upasuaji. Aliyejifungua hospitali nyingine hatakuwemo, kwa hiyo soma pia barua yake ya rufaa na kadi ya kliniki. Orodha iliyosahihishwa mpelekee muuguzi kiongozi wa wodi ya wazazi kabla taarifa ya mwezi haijafungwa.